Piano iliyopauka: uioshe, uyeyushe laka, usugue, upake shelaki au uvue yote?

Weupe unaotanda kwenye kabati la piano huonekana uleule ukiutazama kwa mbali, lakini vyanzo vyake havifanani. Unaweza kuwa juu ya finishi: nta ya miaka, mafuta ya mikono, moshi wa uvumba na mishumaa kanisani. Unaweza kuwa ndani ya finishi: unyevu ulionaswa laka ilipokuwa inakauka, au ulioingia baadaye. Na unaweza kuwa chini yake, pale finishi ilipoachana na mbao na hewa ikajipenyeza. Njia ya kuutoa inategemea ulipo. Kwa kuwa njia nyingi baada ya ya kwanza hubadili kitu kisichorudi, mtu huanza na ile nyepesi na kupanda ngazi pale tu inaposhindwa. Msasa uliopitishwa mapema na vanishi mpya iliyopakwa juu ya nta vimeharibu nyuso nyingi za piano kuliko unyevu wenyewe.

Kwanza: weupe uko wapi, na finishi ni ipi?

Chukua kitambaa cheupe cha pamba, kitie waiti spiriti kidogo (ile ya kuzimulia rangi ya mafuta, wala si thina), kisha ufute eneo la ukubwa wa kiganja. Usitumie mafuta ya taa. Huacha utando wa mafuta unaokudanganya kwamba weupe umetoka.

Kitambaa kikitoka na uchafu wa kahawia, na baada ya dakika kumi weupe haujarudi, basi ulikuwa uchafu tu. Weupe ukipotea uso ukiwa umelowa kisha ukarudi ukikauka, uso una mikwaruzo midogo sana. Waiti spiriti iliijaza kwa muda na mwanga ukapita vizuri. Weupe ukibaki palepale hata pakiwa pamelowa, uko ndani au chini. Hapo chukua tochi, imulike kwa ubavu. Weupe wa ndani hauna mpaka mkali, hufifia pembeni kama pumzi iliyotua kwenye kioo. Wa chini una ukingo unaoonekana wazi, mara nyingi kuzunguka mahali palipogongwa au kando ya ufa.

Kuna weupe mmoja unaowapoteza hata mafundi wazoefu: vistari vyeupe vifupi vinavyofuata vinyweleo vya mbao, hasa kwenye mahogani ya piano za zamani. Hiyo ni plasta iliyotumika kuziba vinyweleo kabla ya kupiga polishi. Ilipotiwa rangi na mafuta haikuonekana. Mafuta yalipokauka na rangi kufifia, weupe ukajitokeza. Hakuna kiosheo kinachoufikia.

Kisha itambue finishi yenyewe. Tafuta mahali pasipoonekana, kwa mfano ukingo wa ndani wa paneli ya chini. Gusa kwa kijiti cha pamba kilicholoweshwa spiriti (methylated) kwa sekunde kumi. Pakinata, ni shelaki, ile polishi ya asili inayoyeyushwa kwa spiriti. Pasiponata, hamia pembeni kidogo ujaribu kwa thina ya laka. Pakinata sasa, ni laka ya nitroselulosi, ile mafundi wa fanicha wanayoiita NC. NC huweza kulainika kidogo hata kwa spiriti, ila shelaki hunata haraka na waziwazi. Vyote viwili visipogusa kitu, una poliesta au laka nyingine ya kukaushwa kwa kemikali. Umri nao husaidia: piano za Uingereza na Ujerumani za kabla ya miaka ya 1920 kwa kawaida ni shelaki, laka ya NC ilienea kuanzia miaka ya 1920, piano nyeusi zinazong'aa za Yamaha na Kawai, zilizojaa makanisani na mahotelini kwetu, kwa kawaida ni poliesta.

Njia tano kwa kutazamana

| Njia | Hutibu weupe wa | Finishi | Kinachoharibika mara nyingi | Muda |
|---|---|---|---|---|
| Kuosha | juu | zote | maji kuingia kwenye maungio | saa 2–4 |
| Kuyeyusha upya | ndani | shelaki, NC | finishi kuchanika, weupe kurudi | siku 1–3 |
| Kusugua na kampaundi | juu (mikwaruzo) | poliesta, NC nene | kingo kutoboka, mng'ao wa viraka | siku 1–3 |
| Pedi ya shelaki | juu, baada ya kuyeyusha | shelaki, NC | mafuta kunaswa ndani | siku 4–10 |
| Kuvua na kupuliza upya | chini, vinyweleo | zote, poliesta kwa taabu | vinia kubanduka | wiki 4 na zaidi |

Kuosha

Hii ndiyo njia inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayomaliza kazi mara nyingi. Weka lita moja ya maji ya uvuguvugu na matone matatu au manne ya sabuni ya maji ya vyombo, isiyo na bleach. Chovya kitambaa, kikamue hadi kisidondoshe hata tone, ufute eneo la sentimita 30 kwa 30, kisha ukaushe mara moja kwa kitambaa cha pili kabla ya kusonga mbele. Badilisha maji yakishakuwa ya rangi ya chai. Kwenye kingo za vinia (ule ubao mwembamba wa urembo uliogundishwa juu) na karibu na bawaba, tumia kijiti cha pamba badala ya kitambaa. Maji yakiingia hapo hulainisha gundi ya zamani ya ngozi, na vinia huanza kuinuka.

Baada ya maji hufuata waiti spiriti, kwa sababu sabuni haitoi nta wala silikoni. Polishi nyingi za kupuliza za dukani zina silikoni, na piano iliyofutwa kwa polishi hizo kwa miaka hubaki na utando unaovuta vumbi na kuonekana kama ukungu wa kijivu. Tumia vitambaa vitatu au vinne safi, kila kimoja kwa mpito mmoja, badala ya kitambaa kimoja kinachosambaza silikoni ileile. Hatua hii ni ya lazima hata kama unajua utaishia njia ya pili au ya tano: silikoni ikibaki, laka mpya au iliyoyeyushwa hujikunja na kuacha vishimo vya duara ambavyo mkono mwingine wa laka hauvizibi.

Kwa doa dogo lililoganda, mate kwenye kijiti cha pamba yana vimeng'enya vinavyokata uchafu bila kugusa finishi. Watunzaji wa vitu vya makumbusho huyatumia, kwa hiyo hakuna haja ya kuona aibu.

Visivyofaa: kiosheo cha vioo chenye amonia, kwani amonia hula shelaki na kuiacha imepauka zaidi, siki iliyochanganywa na mafuta ya kitani, dawa ya zamani inayong'arisha siku hiyohiyo lakini mafuta yake huzidi kuwa meusi na kunata kadiri miaka inavyopita, na majivu, ambayo hukwaruza.

Kuna weupe usiohitaji hata kuoshwa. Pete ya kikombe cha moto kwenye shelaki, ikiwa ni ya leo au jana, mara nyingi hupungua yenyewe siku kadhaa pakiwa na hewa kavu. Unaweza kuisaidia kwa kikausha nywele kikiwa kwenye joto la chini, umbali wa sentimita 25, ukikizungusha bila kusimama. Uso ukiwa wa moto kiasi kwamba kiganja hakivumilii, umezidisha.

Kuyeyusha upya

Shelaki na NC zina sifa ambayo poliesta haina: hata zikishakaa miaka mingi, kiyeyusho chake huzirudisha katika hali ya kimiminika. Ndiyo maana weupe ulionaswa ndani unaweza kutolewa bila kuvua kitu. Finishi huyeyuka juu kidogo, unyevu hutoka, halafu hujifunga tena ikiwa safi. Kazi hii ni ya ustadi, na adui wake ni hali ya hewa.

Thina inapovukiza huchukua joto la uso. Uso ukipoa chini ya kiwango cha umande, maji ya hewani hutua kwenye laka mbichi, nitroselulosi hujitenga, na weupe unazaliwa. Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, hewa ikiwa nyuzi 28 na unyevu 80%, umande hutua kwenye kitu chenye nyuzi 24 hivi. Yaani uso ukipoa nyuzi nne tu, umeshaharibu. Unyevu ukiwa 65% kwa joto lilelile, kiwango ni karibu nyuzi 21, na una nyuzi saba za kuchezea. Nairobi, nyuzi 22 na unyevu 55%, umande hauji mpaka nyuzi 12 na nusu. Kwa hiyo fundi wa Pwani anayefuata maelekezo ya fundi wa bara neno kwa neno hupata matokeo mengine kabisa. Kipimaunyevu cha bei ndogo ni kifaa cha lazima hapa. Juu ya 70% usianze. Pwani, kipindi cha masika, kuna wiki nzima zisizofaa. Saa za mchana jua likiwa kali hufaa kuliko asubuhi na jioni.

Kwa shelaki, fungua paneli na uilaze. Usifanye kazi ikiwa imesimama, kwani finishi iliyolainika hutiririka. Tengeneza pedi: pamba ndani, kitambaa cha shuka kuukuu lisiloacha nyuzi nje, kipenyo sentimita 4 hivi, chini pawe laini bila mkunjo. Tia kijiko cha chai cha spiriti, kisha ubonyeze pedi kwenye karatasi mpaka isiache alama ya maji. Iguse nyuma ya mkono: ihisi baridi, isilowanishe. Pitisha kwa kuingia kutoka nje ya ukingo mkono ukiwa tayari unatembea, na kutoka upande wa pili bado unatembea, kama ndege inayogusa uwanja na kupaa tena. Mpito mmoja, halafu nusu saa ya kupumzika. Mipito mitatu kwa siku inatosha. Pedi ikianza kuvuta, acha mara moja. Ukilazimisha, inachana finishi hadi kwenye mbao.

Spiriti yenyewe iangalie. Chupa iliyokaa wazi Pwani hunywa maji ya hewani, na maji ndani ya spiriti huleta weupe uleule unaoutoa. Nunua chupa mpya iliyofungwa. Nyingine hutiwa rangi ya zambarau. Kwenye mahogani haionekani, lakini kwenye mbao nyepesi inaweza kuacha kivuli. Isopropili ya 99% hufanya kazi, ingawa polepole. Ile ya 70% ina maji karibu theluthi, nayo huacha weupe. Kitakasa mikono ni kibaya zaidi kwa sababu jeli huishikilia alkoholi na maji mahali pamoja. Chupa inayovuja kwenye kifuniko cha vibao huacha duara jeupe usiku mmoja.

Kwa NC, pedi haifai. Thina hulainisha laka haraka mno, na kitambaa huacha sura yake humo. Hapa ni bunduki ya kupulizia. Changanya thina bora sehemu nne na ritada sehemu moja. Ritada ni kiyeyusho kinachovukiza taratibu. Hufanya laka ibaki wazi muda wa kutosha unyevu utoke, na hupunguza ule upoaji wa ghafla. Puliza ukungu mwembamba kutoka sentimita 25 hadi 30, presha ndogo, mpaka uso uanze kung'aa kwa umajimaji, kisha ondoa mkono. Usisubiri uone matone. Weupe hutoweka ndani ya dakika chache. Acha saa 24, na Pwani saa 48, kabla ya kugusa. Ritada nyingi huifanya laka ibaki laini kwa siku kadhaa, na alama za blanketi huchapika juu yake.

Thina tupu bila ritada, ambayo ndiyo mafundi wengi wa fanicha huitumia kwa mazoea, huondoa weupe kwa muda mfupi kisha mara nyingi huurudisha.

Njia hii haitengenezi nyufa. Laka iliyopasuka kama matope ya ziwa lililokauka inaweza kuonekana imefungika baada ya kupulizwa, lakini mbao chini yake hujaa na kusinyaa kila msimu na nyufa hurudi palepale. Ukiona nyufa pana kuliko unywele, usipoteze muda hapa.

Usalama wa kazi hii ni wa aina mbili. Mvuke wa spiriti na thina hushika moto ukiwa mbali na chupa, kwa hiyo usiwe na jiko, sigara wala feni kuukuu inayotoa cheche. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke. Inahitajika ile yenye chujio la kaboni. Upande wa piano, paneli zote zifunguliwe na zipelekwe nje. Paneli ya juu ya piano ya kusimama hushikwa na vishikizo vya kugeuza ndani, ya chini hushikwa na kibanio cha springi chini ya ubao wa vibao. Mvuke na vumbi vikiingia kwenye nyundo na vidhibiti, fundi wa sauti atakudai zaidi ya ulichookoa.

Kusugua na kampaundi

Hapa finishi huamua kila kitu. Laka ya NC nzima, mikono yote pamoja, huwa karibu sehemu moja ya kumi ya milimita; shelaki ni nyembamba zaidi. Poliesta ya piano huweza kufikia nusu milimita au kuzidi. Kwa hiyo kwenye poliesta kusugua ndiyo njia kuu, kwenye NC ni ya kubahatisha, na kwenye shelaki karibu haifanyiki kamwe.

Poliesta yenye ukungu huwa na mikwaruzo midogo ya vitambaa vikavu, vumbi likiwa ndani yake. Osha kwanza. Funika kingo na pembe zote kwa maskintepu, kwa sababu finishi huwa nyembamba hapo na ndipo inapotoboka. Jaribu kampaundi laini (krimu ya kung'arishia yenye chembe ndogo za kusugua) kwa mkono kwenye eneo la kiganja. Ikitosha, usiguse msasa. Isipotosha, tumia msasa wa maji namba 2000, maji yenye tone la sabuni, ukiwa umeufunga kwenye kibao cha raba ili vidole visichimbe mifereji. Kukiwa na mikwaruzo inayoshika ukucha, anza 1200, kisha 1500, kisha 2000, kila namba ikivuka mwelekeo wa iliyotangulia ili ujue mikwaruzo ya kwanza imeisha. Mtu anayeruka kutoka 1200 hadi kampaundi hubaki na ukungu ambao kampaundi haitautoa hata akisugua siku nzima, halafu anailaumu kampaundi.

Kisha mashine yenye pedi ya sponji, kasi isizidi mizunguko 1,500 kwa dakika, kampaundi ya kati halafu laini, pedi tofauti kwa kila moja. Mashine isisimame mahali pamoja. Weka kiganja kila baada ya muda mfupi. Pakiwa pa moto, hamia kwingine. Poliesta ikiungua huwa na wimbi lisilofutika, na mafundi wa gereji waliozoea magari huiunguza kwa sababu bati la gari hutawanya joto na mbao hazitawanyi. Futa mabaki ya kampaundi kwa kitambaa chenye maji kidogo: yakikauka kwenye maungio huwa unga mweupe, na utadhani ukungu umerudi.

Weupe wa chini kwenye poliesta, yaani doa lenye ukingo mkali mahali palipogongwa, hautoki kwa kusugua. Kama kuna ufa unaofikia nje, tone la superglue nyembamba kabisa hunyonywa ndani na weupe huisha. Sawazisha kwa wembe, kisha 1500, 2000 na kampaundi. Kama hakuna ufa, acha doa lilivyo. Kutoboa ili gundi iingie huleta doa kubwa kuliko la kwanza.

Piano yenye mng'ao hafifu, ile nyeusi ya satini, ina kanuni zake. Kampaundi huigeuza iwe kioo pale tu ulipogusa, na viraka hivyo huonekana ukumbi mzima. Hapo tumia pedi ya nailoni ya kijivu yenye maji na sabuni, mikono miwili, mistari iliyonyooka kutoka ukingo hadi ukingo wa paneli bila kugeuza katikati. Pamba ya chuma namba 0000 hutoa sura nzuri zaidi, lakini huacha nyuzi ndogo. Kwenye mbao zenye vinyweleo wazi nyuzi hizo hushika kutu Pwani, na zikianguka ndani hung'ang'ania pini na nyuzi za piano.

Popote utakaposugua, kwepa maandishi ya dhahabu ya mtengenezaji. Kwenye piano nyingi za zamani yamefunikwa na mkono mmoja mwembamba tu, na kampaundi huyafuta kwa mipito michache.

Pedi ya shelaki juu ya finishi ya zamani

Ni njia ya kati kwa piano ya shelaki au NC ambayo weupe umetoka lakini uso umebaki mkavu, hauna uhai. Gramu 30 za magamba ya shelaki isiyo na nta kwenye mililita 250 za spiriti, saa 24, kisha uichuje kwa soksi ya nailoni. Shelaki yenye nta yenyewe ina ukungu, haifai hapa. Andika tarehe kwenye chupa. Baada ya miezi sita, na mapema zaidi kwenye joto, haikauki vizuri: dondosha tone kwenye kioo, likibaki linanata baada ya saa moja, mwaga.

Mipito minane hadi kumi kwa kikao, siku moja ya kupumzika, vikao vitatu au vinne. Tone la mafuta ya watoto kwenye pedi huizuia kushika. Tone moja, siyo kijiko. Mafuta yakizidi hunaswa chini ya shelaki na baada ya wiki kadhaa hutokeza ukungu wa kibuluu ambao mwenye piano atadhani ni unyevu. Kikao cha mwisho kiwe cha pedi yenye spiriti kidogo sana isiyo na shelaki, kuyatoa mafuta.

Ubora wake ni kwamba inarudishika: fundi wa miaka 30 ijayo ataweza kuiyeyusha tena kwa spiriti. Udhaifu wake ni maji, joto na vileo. Piano ya baa au ukumbi wa harusi isipewe shelaki. Juu ya poliesta haina maana yoyote.

Kuvua na kupuliza upya

Inahitajika finishi ikiachana na mbao kwa eneo kubwa, nyufa zikiwa pana, plasta ikiwa nyeupe kwenye vinyweleo, au mtu wa kwanza akiwa amepaka vanishi ya mlango juu ya shelaki. Dalili ya kawaida katika nyumba zetu ni paneli ya chini na miguu iliyopauka hadi sentimita 10 kutoka sakafuni: ni maji ya deki. Sehemu hizo peke yake zinaweza kuvuliwa, nyingine zikaachwa.

Tumia dawa ya kuvulia rangi ya jeli na mpapuro wa plastiki. Magadi moto au kostiki hulegeza gundi, huifanya mahogani iwe nyeusi, na hubaki kwenye vinyweleo yakisubiri kuharibu laka mpya. Mashine ya msasa iache gereji. Vinia ya piano huweza kuwa chini ya milimita moja, na mashine huimaliza pembeni kabla hujasikia tofauti ya sauti. Msasa wa mkono, 180 halafu 240, kufuata nyuzi za mbao.

Kisha sila (laka ya kuziba mbao kabla ya laka ya juu) mkono mmoja, msasa 320, laka ya NC mikono minne hadi sita myembamba, ritada 5% hadi 10% kwenye mchanganyiko, saa mbili kati ya mkono na mkono. Subiri wiki tatu kabla ya kusugua na kung'arisha. Wanaosugua baada ya siku tatu hupata kioo kizuri, halafu laka huendelea kusinyaa na vinyweleo hujitokeza mwezi wa pili.

Kuvua poliesta karibu hakuna faida. Dawa nyingi haziiathiri, joto huiunguza pamoja na vinia, na nyumba nyingi zitapata piano nyingine iliyotumika kwa gharama hiyo.

Uchague ipi

Kwa Yamaha au Kawai nyeusi ya kanisa yenye ukungu wa kijivu: osha, waiti spiriti, kisha kampaundi laini kwa mkono, na mara nyingi unaishia hapo. Kwa piano ya Kiingereza ya mahogani iliyokaa Pwani, weupe ukiwa laini na usio na mpaka: osha, pedi ya spiriti, kisha vikao vitatu vya shelaki, usikubali mtu akuuzie kuvua. Kwa laka ya NC iliyopulizwa mwaka huu na ikatoka nyeupe, kosa ni la siku ya kupuliza. Ritada inaitoa, na alaumiwe aliyepuliza wakati wa mvua. Kwa piano ya hoteli iliyo kwenye kiyoyozi, mlango ukifunguliwa kila dakika kuelekea baharini, hakuna njia itakayodumu mpaka piano ihamishwe mbali na mlango, kwani umande unatua juu yake kila siku.

Na kama kazi unampa fundi wa kupuliza fanicha, mpe kwanza kipande kimoja kisichoonekana, kwa mfano upande wa ndani wa paneli ya chini. Mwambie aoshe, ajaribu kiyeyusho, apulize au apitishe pedi mbele yako, kisha kipande hicho kikae usiku mmoja chumbani piano inapokaa. Kikirudi cheupe asubuhi, paneli nyingine zisitoke ndani ya nyumba.